Gesi ya AC hailiwi: majibu kwa madereva wa Malindi

Joto la kaskazi limeshika na maswali ya AC yamejaa kuliko ya breki na injini yote pamoja. Nimechagua machache. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu karibu nusu ya mlioniandikia mnauliza jambo hilo hilo.

Fundi, salaam. Nina Probox ya teksi. Tangu mwaka jana natia gesi kila baada ya miezi mitatu. Kila nikienda naambiwa gesi imeisha, natiwa, napata baridi, halafu joto linarudi. Hii gari inakula gesi? Dereva, Maweni.

Salama, ndugu yangu. Gari lako halili gesi, na hakuna gari linalokula gesi ya AC. Petroli huchomwa ikaisha. Gesi ya AC ni ile ile inayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa huikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rediata huitoa joto mpaka ikawa kimiminika, kisha hupenyezwa kwenye tundu jembamba la valvu, ikaingia evaporeta nyuma ya dashibodi. Huko hupanuka ghafla, huchemka, na kule kuchemka ndiko kunakonyonya joto la ndani ya gari. Halafu hurudi kwenye kompresa na safari huanza upya. Magari madogo mengi hubeba gramu 400 hadi 600 tu. Ni kweli kwamba kiasi kidogo sana hupotea kupitia mipira miaka inavyokwenda, lakini ikiisha kwa miezi mitatu kuna mahali pametoboka. Wewe umelipia gesi mara nne na tundu bado lipo. Hili linaniuma, maana najua dereva wa teksi anapata shilingi ngapi kwa siku.

Kwa hiyo usikubali kutiwa gesi tena kabla tundu halijaonekana. Kazi huanza kwa macho. Gesi husafiri pamoja na mafuta ya kompresa, kwa hiyo inapovuja huacha unyevu wa mafuta, na vumbi hunata hapo. Wiki iliyopita nilikagua gari kama lako. Pale mpira unapobanwa kwenye bomba la alumini palikuwa na doa jeusi, ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, na sehemu nyingine zote zilikuwa zimekauka. Nilipopaka povu la sabuni, kwanza halikuonyesha kitu. Tukasubiri. Baada ya dakika moja vikaanza kutoka vijipovu vidogo vidogo, taratibu, kama kaa anavyotoa povu mdomoni. Mwenye gari alikuwa ametiwa gesi mara tano na hapajawahi kuguswa.

Usisahau vile vifuniko viwili vya plastiki kwenye sehemu za kujazia. Ndani yake mna vali ndogo kama ya gurudumu. Fundi baiskeli hutia mate kwenye vali aone kama inapumua, nawe unaweza kupaka tone la sabuni vivyo hivyo. Vali hiyo ni kitu cha bei ndogo, na nimeshaona watu wakiuziwa kompresa kwa sababu yake.

Tundu lisipoonekana, mfumo ujazwe naitrojeni kavu kwa shinikizo la tuseme psi 150 (psi ni kipimo cha shinikizo), ufungwe, kisha geji iangaliwe kwa nusu saa au zaidi. Ikishuka, tafuta tena kwa sabuni. Njia nyingine ni kutia rangi maalumu, kuliendesha gari siku kadhaa, halafu kulimulika usiku kwa taa ya zambarau. Panapovuja hung'aa kijani.

Baada ya kurekebisha, dai vakyumu, yaani pampu ivute nje hewa yote iliyo ndani ya mabomba, kwa nusu saa hadi dakika 45. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, na unyevu ukibaki ndani huganda kwenye lile tundu la valvu na kuziba, au huchanganyika na gesi na mafuta ukawa asidi inayokula vyuma. Vakyumu huyachemsha maji hayo bila moto na kuyavuta nje. Mfumo ukiwa umekaa wazi kwa muda, badilisha pia draya, ile chupa ndogo inayofyonza unyevu.

Mwisho, gesi ipimwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Geji peke yake hudanganya. Gari likiwa limezimwa na joto ni nyuzi 30, R134a, gesi ya AC ya magari mengi, husoma karibu psi 97, iwe mfumo umejaa au uko nusu, maadamu ndani bado kuna gesi iliyo kimiminika. Injini ikiwaka ndipo geji huzungumza: upande wa shinikizo la chini psi 30 hadi 45, upande wa shinikizo la juu 200 hadi 250, na jua likiwa kali hupanda zaidi. Zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua. Wa chini ukipanda na wa juu ukashuka, kompresa imechoka. Zote mbili zikiwa juu, ama gesi imezidi, ama kondensa haipati upepo. Na gesi ikizidi baridi hupungua, kwa hiyo usimwambie fundi "ongeza kidogo".

Shikamoo fundi. Nikiwa njiani kwenda Mombasa AC yangu inapoza vizuri sana. Nikifika mjini, nikikwama karibu na soko, hewa inageuka ya moto. Mama wa Barani.

Marahaba, mwanangu. Umeshajipimia mwenyewe. Ukiwa mwendoni upepo wa barabarani huipoza kondensa. Ukisimama kazi hiyo hubaki kwa feni. Washa AC gari likiwa limesimama, fungua boneti, tazama. Feni ya mbele inatakiwa izunguke muda mfupi baada ya klachi, kile kinachoiunganisha kompresa na mkanda wa injini, kushika. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Kwenye baadhi ya magari rilei ya honi ni ya aina moja na ya feni, na hapo unaweza kuzibadilishana ukaona. Ikiwa umeme unafika na feni imelala, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi, mikono na nguo zikiwa mbali. Ikiamka, mota yake imekwisha.

Kama feni inazunguka vizuri, mwagia kondensa maji ya kawaida taratibu huku mtu akishika mkono kwenye tundu la hewa ndani. Baridi ikirudi, basi joto halikuwa likitoka vizuri. Tafuta uchafu kati ya kondensa na rediata. Mji wetu una miarobaini mingi, na majani yake makavu hujipanga humo yakawa kama jamvi. Wengi huosha upande wa mbele tu, ule unaoonekana.

Mimi napeleka chumvi kutoka Gongoni. Nimebadilisha kondensa mara mbili ndani ya miaka mitatu. Je, nanunua feki?

Pengine, lakini mimi naishuku kazi yenyewe. Kondensa ni alumini nyembamba, na chumvi ikikutana na unyevu huila. Pale ilipogusana na kipande cha chuma chenye kutu hali huwa mbaya zaidi. Unapotoka kwenye mashamba ya chumvi, imwagie maji baridi ya mfereji siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa wiki. Yasiwe maji ya kisima yenye chumvi, wala yale ya mashine ya shinikizo, kwa maana hukunja mapezi, vile vibati vyembamba vya kondensa, na upepo ukakosa njia. Na raba za kuishikilia zikiwa zimekufa, ziwekwe mpya kabla ya kondensa yenyewe, ili alumini isisuguane na chuma.

AC ikiwaka inanuka kama nguo iliyoanikwa chumbani, na miguu ya abiria inalowa. Watamu.

Maji yanayodondoka chini ya gari AC ikifanya kazi ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye evaporeta, na ni dalili njema. Yakikosa njia ya kutoka humwagika kwenye zulia. Kuna bomba dogo la mpira linalotokea chini, upande wa abiria kwa magari mengi. Lizibue kwa waya laini, bila nguvu. Kisha fungua droo ya dashibodi utoe filta ya hewa ya ndani. Watu wengi hawajui kama ipo. Ikiwa nyeusi, itupe. Harufu haitarudi upesi ukijizoesha kuzima AC dakika chache kabla ya kufika na kuiacha feni ipulize ikaushe.

Kaka, mtaani kwetu Muyeye kuna mtu anatia gesi kwa nusu bei. Wanasema anatumia mtungi wa jikoni. Baridi ni kali kweli. Kuna ubaya gani?

Kuna ubaya mkubwa, nakuomba uniamini. Ni kweli gesi ya kupikia hupoza. Lakini huwaka, na evaporeta iko ndani, nyuma ya dashibodi, hatua moja kutoka magotini pako. Ikivuja madirisha yakiwa yamefungwa, cheche ya swichi yatosha. Ukigongana uso kwa uso, kondensa ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupasuka, na nyuma yake kuna injini ya moto. Watoto wako wamekaa humo.

Geji huenda isikuonyeshe tofauti, kwa sababu shinikizo huweza kukaribiana. Pua inaweza. Gesi ya kupikia hutiwa harufu kali kwa makusudi, ile unayoijua jikoni, na R134a karibu haina harufu. Kama umeshatiwa, usiiwashe AC. Mwambie ukweli fundi atakayeufungua mfumo, alitoe gari nje penye upepo, mbali na moto na welding, maana asipojua anaweza kuungua yeye.

Nawaona mafundi wakilegeza nati na gesi inatoka fyuu hewani. Ina madhara, au ni hewa tu?

Ina madhara. Gesi ya zamani, R12, iliharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal, mkataba wa mataifa wa mwaka 1987, ndiyo iliyoanza kuiondoa. R134a iliyochukua nafasi yake haiharibu ozoni, lakini hushika joto la dunia vibaya sana: kilo moja ikiachwa hewani ni sawa na zaidi ya tani moja ya kaboni dayoksaidi. Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza gesi za aina hii. Sisi wa Malindi hatuhitaji kuhubiriwa. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto matumbawe yetu yalipauka, na wavuvi na wenye mashua za watalii waliona kwa macho yao.

Gereji yenye mashine ya kuivuta gesi na kuihifadhi itumie. Na kwa usalama wako, R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia kidole au jicho huunguza kwa baridi. Ikipita kwenye mwali wa moto hutoa moshi wa sumu.

Nimenunua Aqua. Fundi wangu wa siku zote anasema AC ni AC, mafuta ni mafuta. Nimpe?

Usimpe mpaka akuonyeshe mafuta anayotumia. Aqua ni haibridi, gari la petroli na umeme, na kompresa yake haivutwi na mkanda, inazungushwa na umeme wa nguvu kubwa unaopita kwenye waya za rangi ya machungwa, na mafuta yake yamo ndani pamoja na koili za mota. Mafuta ya kawaida ya PAG hupitisha umeme. Yakiingia humo, hata yale yaliyobaki kwenye mipira ya geji baada ya gari la jana, kinga ya umeme huharibika, kompyuta ya gari ikagundua na gari likakataa kuwaka. Linalotakiwa ni mafuta ya aina ya POE, na aina yenyewe imeandikwa kwenye stika. Na waya zile za machungwa asiziguse mtu ambaye hakufundishwa.

Nifungue madirisha au niwashe AC, ipi inakula petroli kidogo?

Mjini, madirisha. Ukikimbia barabara kuu, funga uwashe AC, kwa sababu upepo wa madirishani nao hulirudisha gari nyuma. Gari likiwa limechomwa na jua fungua milango yote kwanza, toa ile hewa ya tanuri, halafu ndipo uwashe na uzungushe hewa ya ndani.

Gari langu hulala Mokowe wiki tatu, nne, mimi nikiwa Lamu. Kila nikivuka kulichukua AC ina shida mpya. Inawezekana kulala tu kukaiharibu?

Inawezekana, ndugu yangu. Shingo ya kompresa ina sili, ile pete inayozuia gesi isivuje, nayo hulainishwa na yale mafuta yanayosafiri na gesi. Isipozunguka muda mrefu sili hukauka, gesi ikapenya. Juu yake weka hewa ya chumvi inayoitia kutu klachi, na panya, ambao hupenda sana waya za gari lililosimama. Tafuta mtu unayemwamini, mwachie ufunguo, aliwashe mara moja kwa wiki na AC iende dakika kumi. Betri nayo itakushukuru.

Siku ya kuondoka, kabla hujaikamata barabara ya kupitia mji wa Hindi, simama kando ya boneti iliyo wazi umwambie mwenzako abonyeze AC. Unatakiwa usikie klachi ikishika, "tak", na mlio wa injini ubadilike kidogo. Ikikaa kimya, angalia fyuzi, kisha fuata waya wa klachi kwa vidole mpaka mwisho ukitafuta palipotafunwa. Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, gesi imepungua. Zima AC usafiri na madirisha wazi, kwa sababu kompresa isiyopata gesi haipati mafuta pia, na kutoka hapo hadi Malindi ni mwendo mrefu wa kuisaga.