Mnauliza Picha: Sholay refu mno, stelingi hafi, na mengine mliyogombana nyumbani

Safari hii barua nyingi zina ugomvi ndani yake, mtu na mkewe, mtu na wanawe, wote wanagombania rimoti. Nakumbusha tu kama mie si mtaalamu wa sinema wala sikusomea, natazama kama mnavotazama nyie huku nachambua mchele, kwa hiyo mkinipinga nipingeni ila matusi hapana.

*Bi Senema, assalamu alaykum. Wanangu wamekuja likizo kutoka chuo huko Unguja nikawawekea Sholay, ile picha ya Kihindi ambayo mimi na marehemu baba yao tuliipenda sana. Haikufika hata saa washachukua simu zao, wananambia refu na hakuna kinachotokea. Jee, mimi ndo nishazeeka au wao hawajui picha? — Mama wa Wete*

Waalaykum salaam bibiye. Refu ni refu tusidanganyane, saa tatu na zaidi, na yule mkuu wa jela anaejifanya Hitler hata mie napeleka mbele. Lakini kusema hakuna kinachotokea hapo wamekosea njia. Waanzishie pale yule jambazi Gabbar Singh anapotokea kwa mara ya mwanzo, maana kwanza huoni sura, unaona miguu tu inatembea juu ya mawe na mkanda unaburuzwa, halafu watu wake watatu wamerudi mikono mitupu na yeye ana bastola ya risasi sita. Anapiga tatu hewani, anazungusha, anamuelekezea wa mwanzo haitoki, wa pili haitoki, wa tatu haitoki, anacheka, na wao wanacheka, na genge zima linacheka, na weye ulokaa kwenye mkeka unaanza kucheka na wewe, ndipo anapowamaliza wote watatu. Imetoka 1975 na mpaka leo sijaona jambazi anaeingia vile, wa siku hizi wanaingia na helikopta na muziki wa kupasua masikio na bado humuogopi mtu.

Tena waambie hili, vijana wanapenda habari za nyuma ya pazia: mwisho wake tuliouzoea, wa polisi kufika na kumzuia Thakur, yule aliekatwa mikono na Gabbar, sio alioutaka mtengenezaji Ramesh Sippy. Mwanzo Thakur alimuua Gabbar kwa miguu, viatu vina misumari, wakaguzi wa serikali ya India wakakataa maana ulikuwa wakati wa hali ya hatari na hawakutaka raia aonekane anajichukulia sheria mkononi. Mie huo wa misumari ndio naupenda. Mtu kakatwa mikono na kauliwa watoto halafu umwambie ampishe polisi, hebu!

*Mume wangu anasema zamani stelingi hafi ndo maana picha zilikuwa tamu, siku hizi wanamuua tu. Kweli? — Mke wa Mtu, Fuoni*

Si kweli, na mumeo nna wasiwasi kachanganya na za Arnold. Jai wa Sholay, Amitabh mwenyewe, anakufa. Ukirudi nyuma zaidi, Mother India ya 1957, Nargis anampiga risasi mwanawe Birju kwa mkono wake kwa sababu kamteka mtoto wa kike siku ya harusi yake. Mwanawe! Na Jack wa Titanic 1997, nani asiejua.

Tofauti naiona kwengine. Wale wa zamani walikuwa wanakukalisha nae kwanza mtu, unamuona akiwa mdogo, unamuona anaiba, anaoga, anamuudhi mamake, mpaka anakufa na weye ushakuwa jamaa. Sasa hivi hawana subra hiyo. Chukua Jawan ya 2023, mie nimeipenda tena sana, Shah Rukh Khan kacheza baba na kacheza mwana na yule baba na sigara yake kaniua kabisa. Lakini kuna kipande cha mkulima anaejinyonga kwa deni la trekta, nilikuwa nalia machozi ya kweli, sijafuta hata kamasi washarudi kwenye bunduki. Wangeniachia dakika tano tu nimlilie baba wa watu.

*Tumeisoma Vuta N'kuvute skuli, tukaichambua mpaka tukachoka, nimekuja kuitazama picha yake naona nusu ya kitabu haimo. Sasa wanaisifia nini? — Kijana wa Kwahani*

Haimo kweli mwanangu, na haiwezi kuwemo. Kitabu cha Adam Shafi kina watu na miji na mambo tele, picha yenyewe ya saa moja na nusu hivi, Amil Shivji kashika Yasmin na Denge na siasa za wakati ule wa Muingereza, wengine kawaacha bandarini. Hilo mie halinikeri. Linalonikeri ni kuwa Yasmin na Denge wanaangaliana mnoo na kusema kidogo, nami nilitaka niwasikie wanazungumza, maana kitabuni nimempenda Yasmin kwa vile nilivomjua tangu yuko ndani kwa mumewe Raza anaona dhiki. Kwenye picha namuona mzuri, namuona ana huzuni, lakini simjui.

Ila usiipuuze. Ilipotoka 2021 ilikwenda tamasha la Toronto kule Canada, halafu Tanzania ikaipeleka Oscar, na kabla yake ya mwisho kupelekwa ni Maangamizi ya 2001, fikiria miaka hiyo yote. Na wanavozungumza ni sisi khasa, sio kile Kiswahili cha kusoma taarifa ya habari. Siti Amina, yule muimbaji, ndie kacheza Mwajuma, shoga yake Yasmin, na kila akitokea yeye mie nakaa sawa. Itazame tena usiku, taa umezima, kitabu kiweke mbali.

*Natembeza wageni Mji Mkongwe, kila siku naulizwa Freddie Mercury, yule muimbaji wa bendi ya Queen. Nikitazama ile Bohemian Rhapsody, picha ya maisha yake, ntapata cha kuwaeleza? — Papasi, Shangani*

Cha Zanzibar hupati. Picha ile ya 2018 inamuonesha akiwa kijana tayari yuko London anabeba mizigo uwanja wa ndege, hapa kwetu hutopaona hata kichochoro kimoja. Waeleze mwenyewe: kazaliwa hapa Septemba 1946 jina lake Farrokh Bulsara, familia ya Maparsi, wale Wahindi wenye asili ya Uajemi, skuli kapelekwa India, na 1964 baada ya Mapinduzi wakahamia Uingereza. Tena ujihadhari, picha inaonesha kama aliwaambia wenzake wa bendi maradhi yake ya ukimwi kabla ya lile onesho la muziki la Live Aid la 1985, na hivyo sivyo ilivokuwa, ilikuja baadae. Mgeni anaejua akikusikia unayasema hayo atakucheka. Lakini Rami Malek alomcheza Freddie, Oscar yake halali, lile onesho la mwisho nimelitazama nimesimama.

*Mie natazama zilizotafsiriwa na madijei, kaka angu anasema hiyo sio kutazama picha. — Mkokotoni*

Mwambie akuache. Dijei mzuri anakuchekesha hata pasipochekesha, ana majina yake, ana vituko vyake, na bila yeye mamangu asingemaliza picha ya Kichina hata moja. Shida yangu anaposema juu ya nyimbo. RRR ya 2022, ile ngoma ya Naatu Naatu ilopata Oscar 2023, jamaa anaongea mwanzo mwisho, nikasema huyu mtu hana adabu. Za nyimbo tafuta isotafsiriwa. Na hiyo RRR si Kihindi, ni Kitelugu, kaka ako akijifanya mjuzi muulize hilo.

*Sinema ya Majestic haioneshi tena, sasa wapi ntapata pazia kubwa? — Mzee wa Vuga*

Ngome Kongwe, wakati wa ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar. Wanaonesha nje palepale uwanjani tangu 1998, na nyingi huzipati kwengine. Nenda na kitu cha kukalia, zile ngazi za mawe zinaumiza mgongo.

*Sijaona Black Panther hata moja. Nianze na ya pili, wanasema ina vita nzuri baharini? — Mvuvi, Mkoani*

Anza na ya mwanzo, ya 2018. Ya pili imetoka 2022, Chadwick Boseman alieicheza ile ya kwanza kashafariki 2020, na picha inaanza na mazishi. Ukiingia nayo utaona watu wamevaa nyeupe wanalia na hujui wanamlilia nani.