Kabla hujamtuma mwalimu semina, nenda kakae nyuma ya darasa lake

Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali miaka tisa, na ile minne ya mwanzo nilichojua kuhusu kuwaendeleza walimu ni kitu kimoja tu, semina. Barua ikija namtuma mtu, anaenda siku tatu, anarudi na begi la kitambaa na daftari jipya, Jumatatu anaingia darasani anafundisha vilevile kama alivyofundisha kabla hajaondoka. Na mimi naandika kwenye ripoti, walimu wamejengewa uwezo.

Aliyenishtua ni mtoto mmoja wa darasa la tatu. Alinisomea ukurasa mzima bila kukwama, nikafurahi, nikaweka kidole kwenye neno la katikati nikamwambia hebu soma hili, akanyamaza, halafu nikaona midomo inacheza, kumbe anaanza mstari toka mwanzo kimoyomoyo mpaka alifikie lile neno. Amekariri ukurasa! Wiki ileile nikaandaa karatasi za mtindo wa Uwezo, ule upimaji wa watoto kusoma na kuhesabu, yaani silabi, maneno, aya, hadithi, nikawaita watoto ishirini mmoja mmoja chini ya mwembe, asubuhi moja tu ikatosha, na kwa kweli waliofika kwenye hadithi naona aibu kuwataja idadi.

Hapo ndo nikaanza kusaka tafiti kwenye simu. Nyingi ni za Kiingereza kigumu, mi nasoma muhtasari wa mwanzo na hitimisho, zile hesabu za katikati naruka. Ulionikamata ni wa Afrika Kusini, jimbo la North West, shule 230, watoto wanaoanza kusoma kwa Setswana, mwaka 2015 na 2016. Kuna walimu walipewa maandalio ya masomo na vitabu halafu wakaitwa semina za pamoja, wengine wakapewa maandalio na vitabu hivyohivyo ila wao mkufunzi akawa anawafuata darasani. Watoto walipopimwa, faida ya kufuatwa darasani ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya semina. Nikakumbuka yale mabegi.

Kuna na wa hapahapa kwetu Tanzania, unaitwa KiuFunza, 2013 na 2014, shule 350 kwenye wilaya 10. Shule zilizopewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, hela peke yake, ufaulu haukupanda, ila pale ruzuku ilipoenda pamoja na bonasi kwa mwalimu ambaye watoto wake wamefaulu, ulipanda. Bonasi mi sina, sasa nifanyeje? Nilichochukua pale ni kwamba niache kulilia fungu kana kwamba likija tu watoto watasoma.

Lakini usifanye kama mimi. Nilisoma pia ule wa magharibi ya Kenya wa 2005, darasa la kwanza waligawa watoto kwa uwezo wao na wote wakanufaika, wazuri na wanyonge, basi nikarukia, darasa la tatu nikaligawa A na B kwa alama. Wiki mbili tu! Hakuna mwalimu aliyetaka kufundisha B, wazazi wakaja ofisini kuniuliza mwanangu umemuita mjinga kwa sababu gani, nikarudisha kama zamani. Niliporudi kusoma vizuri ndo naona kule kila shule ilikuwa imeongezewa mwalimu, darasa la watoto themanini likawa la arobaini na kitu. Mimi nilikuwa na walimu walewale, B yangu ilikuwa na watoto 87. Kwa hiyo siku hizi nikikuta utafiti naanza kutafuta walikuwa na nini ambacho mi sina, matokeo baadaye.

Sasa hiyo ya kukaa darasani nayo ina mambo yake. Mara ya kwanza nimeingia na peni na fomu, mwalimu akaniangalia, kipindi kilipoisha akanifuata pembeni, "Mkuu, nimekosa nini?" Walimu wetu wamezoea mtu akikaa nyuma anatafuta kosa, kwa hiyo fomu nikaitupa, nikamwambia njoo wewe unikague mimi. Nikafundisha Kiswahili darasa lake, dakika 40, yeye nyuma anahesabu. Tulipotoka ananisomea huku anajizuia kucheka: "Mkuu, umeuliza maswali kumi na tisa, kumi na moja umejibu mwenyewe, na waliosimama kujibu ni walewale wanne wa mbele." Aisee. Na ile "tumeelewana?" "ndiyooo!" nimeisema mara sita, sikujua kabisa.

Toka hapo kila Jumanne naingia kwa mwalimu mmoja, tunakubaliana kabla nihesabu kitu kimoja tu, nikitoka tunaongea dakika kumi siku hiyohiyo, wiki mbili baadaye narudi kuhesabu kilekile. Usihesabu vitu vitano, utamchanganya na wewe utachoka. Na ule muda wa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambao wengi wetu tunageuza kuwa kikao cha matangazo na chai, kila mtu aje na daftari tatu za watoto, la anayeweza, la wa kati, la anayehangaika, tunaziweka mezani tunaangalia mtoto kakosea wapi. Mwalimu wangu wa taaluma alipinga mwanzoni, akasema tunaanikana, sasa hivi yeye ndo anakumbusha watu.

Tunawapima watoto wawiliwawili wa kila darasa mwisho wa mwezi, mwembe uleule. Wanapanda taratibu, darasa la nne bado linanisumbua, na mwezi uliopita barua ya uhamisho imemchukua yule mwalimu aliyenihesabia maswali, kwa hiyo Jumanne ijayo naanza upya na mgeni na safari hii pia naanza kukaguliwa mimi.