Kabla hujachomeka kifaa cha kale cha kukandia kwa umeme

Mwaka jana nilimtumia mama picha ya kitu nilichokinunua kwa pauni 18 katika soko la vitu vya kale, hapa Birmingham ninapoishi. Ni kichwa cha shaba kilichopakwa nikeli, cha mviringo kama nusu ya balungi dogo, kilichoshikizwa kwenye mpini wa mbao nyeusi. Kutoka kwenye kitako cha mpini huo unachomoza waya uliovikwa kitambaa kilichofifia rangi. Ndani hakina mota, wala hakitetemeki. Kinapata joto tu, na anayekishika ndiye anayekizungusha juu ya bega, kiuno au goti linalouma. Mama aliitazama picha, akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hicho ndicho kitakachonifaa mimi na magoti yangu haya. Mpe mtu anayekuja Tanga aniletee."

Sikumpelekea. Katika makala haya ninaeleza sababu, kwa ajili ya yeyote aliyerithi, kununua au kuzawadiwa kifaa cha namna hii na mkono unamwasha kukichomeka ukutani. Nitakiita kikandio, kwa sababu ndiyo kazi yake, na kwa sababu sisi tuliokulia pwani hatuhitaji kufundishwa maana ya kukanda. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto tangu zamani, na kila nyumba ina bibi mmoja anayejua taulo likamuliwe kiasi gani kabla halijawekwa tumboni. Kikandio ni taulo hilo hilo lililogeuzwa kuwa chuma na waya. Tofauti ni kwamba taulo hupoa lenyewe.

Kosa la kwanza nilifanya mimi, tena nikiwa mtu aliyewahi kukaa miaka miwili kwenye banda la fundi redio na ambaye hakupaswa kulifanya. Waya wa kikandio uliishia kwenye ncha iliyofanana na kitako cha balbu ya pini. Hilo si jambo la ajabu kwa kifaa cha Uingereza cha miaka ya mwanzo ya umeme majumbani: nyumba nyingi zilipata umeme kwa ajili ya taa tu, soketi za ukutani zilikuwa chache au hazikuwapo kabisa, kwa hiyo pasi, feni na vikandio vilichomekwa kwenye holda ya taa iliyoning'inia katikati ya chumba. Niliikata ncha ile, nikafunga plagi ya kisasa ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 13, nikaichomeka. Kwa dakika tatu au nne kila kitu kilikwenda vizuri. Kichwa kilianza kupata uvuguvugu wa kupendeza, nami nikakiegemeza begani huku nikijipongeza. Nilipougeuza mpini ili niufikie upande wa shingo, waya ulijikunja pale unapoingia kwenye mbao, ukatema cheche ya buluu sentimita chache kutoka sikioni mwangu, na umeme wa nyumba nzima ukakatika.

Nilipochana kile kitambaa kwa wembe siku iliyofuata, niliona kilichotokea. Chini ya kitambaa kila waya ulikuwa umevikwa mpira wa asili, na mpira huo ulikuwa umekauka kiasi kwamba ulimomonyoka kama makombo ya mkate mara tu nilipougusa. Kwa nje waya ulionekana mzima na hata wa kuvutia, lakini kwa ndani nyaya mbili tupu zililala bega kwa bega, zikitenganishwa na mazoea tu ya kutosogezwa. Ndiyo maana sikubaliani na muuzaji anayekuambia kwamba kifaa "kimejaribiwa na kinafanya kazi." Kufanya kazi kwa dakika tano juu ya meza hakuna uhusiano wowote na kufanya kazi mkononi mwa mtu anayekigeuza huku na huko juu ya mwili wake.

Basi nikakifungua. Skrubu tatu za shaba zinashikilia kifuniko cha nyuma ya kichwa, na zilitoka bila ubishi baada ya kulowekwa usiku kucha kwa tone la mafuta. Ndani mlikuwa na vipande viwili vyembamba vya ulanga, yale madini yanayobanduka kama karatasi za kioo, ambayo mafundi wengi huyaita maika na ambayo kwetu yalichimbwa katika milima ya Uluguru tangu enzi za Wajerumani. Ulanga unavumilia moto na haupitishi umeme, kwa hiyo ulikuwa tegemeo la watengenezaji wa pasi na majiko ya umeme, na bado unakutana nao ukifungua mashine ya kuokea mkate. Juu ya kipande kimoja ulikuwa umezungushiwa waya mwembamba wa rangi ya kijivu, mizunguko kwa mizunguko, kwa mkono wa mtu aliyekuwa na subira kuliko mimi. Waya wa namna hiyo ndio uliovifanya vifaa hivi viwezekane. Kabla ya mwaka 1906, wakati Albert Marsh wa Marekani alipopata hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromu, nyaya za kutoa joto ziliungua na kukatika upesi mno. Baada ya hapo ikawezekana kutengeneza elementi inayowaka nyekundu mara maelfu bila kuliwa na hewa.

Kati ya elementi na mpini palikuwa na kitu cha tatu, na hapo ninaomba msomaji asome taratibu. Ni kitu chenye rangi ya majivu meupe, laini, kilichofumwa kama utambi wa jiko la mafuta ya taa lakini chenye manyoya yanayochomoka. Nilikaribia kukipuliza ili niondoe vumbi nione vizuri. Namshukuru Mungu kwamba nilisita, kwa sababu katika vifaa vya joto vya zamani kitu cha sura hiyo mara nyingi ni asbesto, na nyuzi zake zikiingia kwenye mapafu hazitoki. Madhara yake, ikiwemo saratani, huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Uingereza ilizipiga marufuku aina zote za asbesto zilizobaki mwaka 1999. Nilikinyunyizia maji kidogo ili nyuzi zisipeperuke, nikafunika kifuniko, nikatia kifaa chote kwenye mifuko miwili ya plastiki, nikafuta meza kwa kitambaa kibichi ambacho nilikitupa pamoja na taka za aina hiyo kupitia utaratibu wa halmashauri. Ushauri wangu ni kwamba usikifungue kabisa kikandio chako. Mimi nimekufungulia.

Lililobaki nililifanya kikiwa kimefungwa, kwa vipimo vya nje, na hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Kibati kidogo kwenye mpini kinasema volti 200 hadi 220, na jina la mtengenezaji limefutika kwa kushikwa. Nilipopima ukinzani wa elementi nilipata omu 2,200 hivi, maana yake ni kwamba kwa volti 210 kinakula wati 20. Ni kidogo, utasema, na mimi pia nilisema hivyo. Lakini umeme wa siku hizi hapa kwangu uko karibu na volti 240, na joto haliongezeki kwa kadiri ya volti bali kwa kadiri ya volti zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo wati 20 zinakuwa 26, yaani zaidi ya robo ya ziada. Balaa kubwa zaidi ni vikandio vinavyoletwa kutoka Marekani, ambavyo vilitengenezwa kwa volti 110. Ukikichomeka kimoja kwenye soketi ya volti 230, iwe Tanga, Mombasa au London, kinatoa joto zaidi ya mara nne ya lile lililokusudiwa. Anayeishi Marekani mwenye kikandio cha Ulaya atapata kinyume chake, joto la robo tu, na huenda akadhani yuko salama; mpira uliomomonyoka hauna habari hizo.

Kisha kuna suala la joto lenyewe. Kikandio changu hakina swichi wala thamostati. Pasi ya leo ikifika joto lililowekwa hujizima, ikipoa hujiwasha. Hiki hakina kitu ndani kinachojua kwamba kimepata moto wa kutosha. Joto lake huongezeka mpaka linalotoka lilingane na linaloingia, na linalotoka linategemea kilipowekwa. Niliazima transfoma ya kupunguza na kutenganisha umeme kutoka kwa rafiki mwenye karakana, nikafunga waya mpya kwa nje, nikakiweka juu ya tofali kwa volti 210 na kubandika kipimajoto cha waya kwenye kichwa chake. Baada ya dakika 6 kilikuwa nyuzi 48 za Selsiasi, joto tamu kabisa la kukandia. Baada ya dakika 20 kilikuwa kimepita nyuzi 90 na bado kinapanda, nami nikakizima. Sikujaribu kukifunika kwa blanketi, kwa sababu nilishajua jibu: kikifunikwa, joto halina pa kwenda, na kichwa kitaendelea kupanda hata zaidi.

Linganisha namba hizo na ngozi ya binadamu. Chuma cha nyuzi 60 kinaweza kuunguza ngozi kwa kina ndani ya takribani sekunde 5. Kilicho hatari zaidi kwa mtazamo wangu ni joto la chini linalodumu, kwa sababu hata nyuzi 44, ambazo mtu huziona ni raha tu, huunguza zikikaa mahali pamoja kwa saa 6 hivi, yaani usiku mmoja wa kupitiwa na usingizi. Ninaamini watumiaji wa zamani walikuwa wakikichomeka kwa dakika chache, wakakichomoa, ndipo wakakandia, na shaba nzito ya kichwa chake ilitengenezwa itunze joto kwa ajili hiyo. Mtu wa leo aliyezoea vifaa vinavyojizima vyenyewe hatakumbuka kukichomoa.

Jambo la umeme wenyewe nitalipitia haraka, maana halina mjadala. Kichwa ni chuma kitupu, waya ni wa njia mbili, hakuna ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Elementi ikigusa kichwa, kichwa kinakuwa na umeme, na mtu anayekandwa mara nyingi ametoka kuoga au amepakwa mafuta na jasho linamtoka. Nilipokipima kwa megga ya volti 500, kifaa cha kupimia kama umeme unavuja, kabla hakijapata moto, kilisoma megaomu 0.2, wakati ninachokihitaji ni angalau 1. Wengine wananiambia nifunge waya wa ethi kwenye kichwa, nibadilishe elementi, niweke na thamostati ndogo. Inawezekana. Ila hapo utakuwa umetengeneza kifaa kipya kibovu ndani ya ganda la kifaa cha kale kizuri, na utakuwa umeharibu vyote viwili.

Kuhusu tiba, usisome sana maandishi ya kwenye maboksi yake. Huko Marekani ni sheria ya mwaka 1938 ndiyo iliyoanza kuviweka vifaa vya tiba chini ya usimamizi wa serikali. Kabla ya hapo muuzaji aliweza kuahidi kuponya baridi yabisi, kukosa usingizi na ukungu wa macho kwa chombo kimoja. Joto linatuliza misuli iliyokaza na kulegeza viungo vilivyoganda, na hilo bibi zetu walilijua. Lakini halifai juu ya goti lililovimba leo baada ya kuanguka, wala mguu uliovimba ghafla upande mmoja, ambao unahitaji daktari. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asikandwe kwa chuma chochote cha umeme, kwa sababu ataungua bila kupiga kelele.

Na mama ana kisukari.

Nilimweleza hayo yote kwa simu, kwa maneno mengi kuliko niliyoyaandika hapa, naye akasikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: "Sasa hicho chuma kinakaa tu bure huko?" Nilimnunulia thamosi nzuri ya lita mbili na kumtumia pamoja na kipimajoto cha maji ya kuogesha mtoto, ili dada yangu apime maji kabla ya kulowesha taulo na asizidishe nyuzi 40. Taulo wanalo. Dada anasema kipimajoto kimeshahamia chooni kwa wajukuu, na kwamba mama anataka maji yapimwe kwa kiwiko kama zamani. Nimesisitiza kiwiko kiwe cha dada, si chake yeye.

Kikandio kipo kwenye rafu sebuleni kwangu, ndani ya sanduku la kioo lililofungwa kwa gundi, kando ya redio ya mbao. Waya nimeukata sentimita 10 kutoka kwenye mpini na kuzikunja ncha zake ndani, kwa kuwa mwezi uliopita nilimkuta mgeni wangu mmoja, mtu mzima, amelishika sanduku kwa mikono miwili na kuangaza macho akitafuta soketi.