Nimefilisika na Nadaiwa: Je, Kutaka Mali Tena ni Kupenda Dunia?

SWALI

Assalaam alaykum, Sheikh. Nilikuwa na biashara iliyonilisha mimi na watu wangu kwa miaka 9. Mzigo mmoja ulipotea nikakopa ili kuziba pengo, wa pili ukaharibika, na sasa nimefunga. Nadaiwa na watu 11. Mke wangu aliuza dhahabu zake nikalipa baadhi. Ndugu mmoja msikitini ananiambia umaskini ni fadhila, nisubiri tu. Mwingine anasema nichukue mkopo wa riba kwa kuwa niko katika dharura. Nikiinua mikono kuomba Allah anirudishie mali naona haya, kama vile namwomba dunia. Je, haya yaliyonipata ni adhabu? Na inafaa kutaka utajiri tena, tena utajiri unaokaa?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu yangu, katika yote uliyoandika, lililoniuma zaidi ni hiyo haya, kwa hiyo naanza nayo. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alikulia katika nyumba ya Firauni, kisha akaikimbia Misri hana kitu wala mwenyeji. Alipofika Madyan aliwanyweshea wanawake wawili mifugo yao, akaenda kukaa kivulini, akasema: “Mola wangu, hakika mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia” (Qur'ani 28:24). Neno lililomo katika aya ni fakiri, lile lile tunaloliona la aibu. Mtume wa Allah alilitamka mbele ya Mola wake bila kulipamba. Na tazama lilivyojibiwa. Hakuteremshiwa hazina. Aliitwa, akapewa usalama, akapewa mke, na akapewa kazi ya miaka 8, au 10 akipenda mwenyewe. Mtu aliyetoka kwenye kasri alianza upya kwa kuajiriwa. Basi omba, na utaje mali kwa jina lake. Ila uwe tayari jibu likija kwa sura ya kazi ambayo mwaka juzi ungeiona ndogo.

Kuhusu adhabu, sitakaa sana hapo. Allah amesema atawajaribu waumini kwa hofu, njaa na upungufu wa mali, nafsi na matunda, kisha akaamrisha wabashiriwe wanaosubiri (2:155). Hakuna mtu hapa duniani awezaye kukuambia hasara yako wewe ni adhabu. Jikague: kama biashara ile ilikuwa na udanganyifu, au haki ya mtu uliyoipitia juu, tubu na uirudishe. Kama hukuona kitu, usijibunie dhambi ili upate maelezo ya msiba.

Huyo ndugu wa msikitini nadhani anakutakia mema, lakini amechanganya mambo mawili. Waliosifiwa ni maskini wachamungu, kwa ucha Mungu wao na subira yao. Ukosefu wenyewe Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuomba uondolewe. Katika dua iliyopokewa na Abu Dawud na Nasai alijikinga kwa Allah na ukafiri na ufakiri kwa pamoja. Swahaba Saad bin Abi Waqqas alipougua akataka kutoa sadaka sehemu kubwa ya mali yake, akiwa na binti mmoja tu wa kumrithi, Mtume alimruhusu thuluthi, akasema hata thuluthi ni nyingi, kwa sababu kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha mafukara wanaonyoosha mikono kwa watu. Hadithi hii imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Huo ndio utajiri unaokaa unaouulizia, na umetajwa kwa sifa. Kwa hiyo nia yako si aibu. Itakuwa aibu ikiwa unaitaka mali ili wale waliokucheka wakuone tena. Hilo kaliangalie moyoni mwako, mimi silioni.

Subira nayo si kukaa. Kisa cha swahaba Abdurrahman bin Auf tunakisimulia mara nyingi mpaka tumeacha kukisikiliza. Alihama Makka akafika Madina bila mali, Saad bin Rabii, mwenyeji wa Madina, akamtolea nusu ya mali yake, naye akamwombea baraka na kusema: nionyesheni soko. Siku hiyo alirudi na jibini kavu na samli. Lakini mpokezi anaongeza maneno machache ambayo wasimulizi wetu huyaruka: kisha akaendelea kwenda kila asubuhi. Siku ile ya kwanza haikumtajirisha. Kilichomtajirisha ni zile asubuhi nyingine ambazo hakuna aliyeona haja ya kuzisimulia.

Sasa riba. Hapana, ndugu yangu. Dharura inayohalalisha kilichoharamishwa ni ile ya kuhofia uhai au madhara makubwa, na njia zote za halali zimefungwa. Kukosa mtaji hakujafika hapo. Allah ametangaza vita dhidi ya asiyeacha riba (2:279), na aya inayofuata papo hapo inasema: “Na akiwa mdaiwa ana dhiki, basi apewe muhula mpaka afarijike.” Unaambiwa uikimbie aya ya 280, iliyoteremka kwa ajili ya mtu kama wewe, uende kuingia katika ya 279. Halafu ufikirie hata kwa akili ya biashara tu: riba hukua siku ambayo hukuuza chochote, hukua ukiwa mgonjwa, hukua usiku. Wewe tayari umekwisha kukopa mara moja ili kuziba hasara kabla ya kujua hasara imetoka wapi. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, pigo la pili lilipoanza, kabla hata mzigo wa pili haujaharibika.

Deni ndilo ninalotaka ukae nalo zaidi. Wengi katika hali yako hufikiria mtaji kwanza, wakiamini kwamba wakishasimama watalipa. Matokeo yake huzima simu, hubadilisha njia, huacha hata jamaa ya swala kwa sababu mdai mmoja huswali safu ya mbele. Nimewaona, na naogopa sana jambo hili, kwa sababu mtu aliyepoteza mali anaweza kuipata tena, ila aliyepoteza mali na uaminifu wake pamoja hana wa kushirikiana naye. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi ya Bukhari kwamba anayechukua mali za watu akikusudia kulipa, Allah humlipia, na anayechukua akikusudia kuziharibu, Allah humharibu. Kusudio la kulipa lina dalili zake. Dalili ya kwanza ni kwamba mdai anajua ulipo.

Kwa hiyo waandike wote 11: jina, kiasi, tarehe uliyochukua. Allah ameamrisha deni liandikwe katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani (2:282). Kisha waendee mmoja mmoja, kwa miguu yako, kabla hawajakufuata. Mwambie ukweli wa ulichonacho, na umpe kiasi unachoweza kukilipa kweli kila mwezi, hata kama kinatia haya kwa udogo wake. Usiahidi ili uondoke salama mlangoni pake. Mtume alikuwa akijikinga na deni ndani ya swala, na alipoulizwa kwa nini akajibu kwamba mtu akidaiwa husema akadanganya, na huahidi akavunja. Ahadi kubwa uliyoitoa kwa hofu ndiyo hiyo.

Na wewe pia una haki zako. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba mtu mmoja zama za Mtume alipata hasara katika matunda aliyoyanunua, deni likamwelemea. Mtume akawaambia watu wampe sadaka. Wakampa, haikutosha deni. Akawaambia wadai wake: chukueni mlichokipata, na hamna zaidi ya hicho. Wengi wa wanazuoni wameelewa kwamba hawana zaidi kwa wakati huo, na kilichobaki hulipwa akipata uwezo. Lakini angalia: mfanyabiashara aliyefilisika hakutukanwa, hakufungwa, wala hakuambiwa ni mzembe. Alichangiwa. Wadaiwa wametajwa pia miongoni mwa makundi 8 ya wanaostahiki zaka (9:60), na katika hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, iliyomo katika Muslim, aliyepatwa na janga lililoangamiza mali yake ameruhusiwa kuomba mpaka apate cha kumsimamisha. Waendee wanaosimamia zaka, ueleze hali yako ukiwa na hiyo orodha mkononi. Usiite jambo hilo kudhalilika. Haki hiyo umewekewa na Allah, na ukomo wake ni pale utakaposimama.

Kuna wengine watakaokuambia utoe ulichobaki nacho kiwe sadaka ili Allah akufungulie. Imam Bukhari ameandika katika kichwa cha mlango katika Sahihi yake kwamba deni lina haki zaidi ya kulipwa kuliko sadaka. Sadaka yako kwa sasa ni kumlipa mdai.

Baada ya hapo, mali hurudi vipi? Utasikia kisa cha maskini ambaye tandiko na bakuli lake viliuzwa na Mtume, na kwa fedha hizo likanunuliwa shoka la kukatia kuni. Baadhi ya wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, basi mimi nategemea ile isiyo na shaka, ya Bukhari: mtu kuchukua kamba akabeba mzigo wa kuni mgongoni mwake ni bora kuliko kuomba watu, wampe au wamnyime. Anza kwa kazi isiyohitaji mtaji: mikono, ujuzi, au miaka yako 9 ya kuijua biashara ile. Ujuzi huo hukuupoteza pamoja na mzigo. Yuko mwenye fedha asiyejua kuuza, na sheria yetu imeweka mudharaba kwa ajili yenu wawili: yeye hutoa mtaji, wewe hutoa kazi, faida mnagawana kwa fungu mlilokubaliana. Hasara ikitokea bila uzembe wako wala kuvunja masharti, ni ya mtaji wake, na wewe umepoteza jasho lako. Andikeni. Hapo utaona kwa nini nilisisitiza uwaendee wadai, maana mwenye fedha atawauliza wao kwanza.

Katika kila kinachoingia, gawa kabla ya kutumia: chakula na makazi ya watu wako, fungu la wadai, na kidogo kinachobaki hata kama hakionekani. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, hakuzuia njaa isije. Aliagiza mavuno ya miaka 7 yaachwe katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula (12:47), na nchi ikavuka miaka 7 ya ukame kwa hicho kilichoachwa. Biashara yako ilidumu miaka 9, na mzigo mmoja ulipopotea hukuwa na pa kushika. Sikulaumu, nakuonyesha mahali ambapo ukuta ulikuwa mwembamba. Ukishamaliza madeni, fungu la wadai usilirudishe mezani. Lifanye akiba, na akiba ikikua ifanye kitu kinachozaa.

Umar bin al-Khattab alipata ardhi Khaybar, akasema hajawahi kupata mali aipendayo kuliko hiyo, akamtaka Mtume ushauri. Akamwambia: ukipenda, zuia asili yake na utoe sadaka mazao yake. Hapo ilikuwa wakfu, lakini anayetaka mali inayokaa ajifunze hata humo: asili haiguswi, linaloliwa ni tunda. Wengi wetu hula asili siku ya kwanza tunapopata nafuu. Na akiba yako ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na kupitiwa na mwaka, toa asilimia 2.5 yake, umkumbuke mtu aliyefunga biashara jana.

Dua yako iwe hii, ambayo Ali bin Abi Talib, Allah amridhie, alimfundisha mtumwa aliyeshindwa kulipa fedha za kujikomboa, nayo imepokewa na Tirmidhi: Allahumma-kfini bihalalika an haramika, wa aghnini bifadhlika amman siwaka. Yaani: Ewe Allah, nitosheleze kwa halali yako nisihitaji haramu yako, na unitajirishe kwa fadhila zako nisimhitaji asiyekuwa wewe. Neno “unitajirishe” limo ndani yake, lisome bila haya.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Umesema mke wako aliuza dhahabu zake. Mali ya mke ni yake, na Allah amesema kuhusu mahari: “Wakikutunukieni kitu katika hayo kwa radhi ya nafsi zao, basi kuleni” (4:4). Je, alikutunuku au alikukopesha? Au hakuulizwa vizuri, kwa kuwa nyumba ilikuwa katika moshi wakati ule? Mkae chini muulize, na umwache ajibu bila kumkumbusha dhiki yenu. Akisema ni zawadi, mshukuru na umwombee. Akisema ni mkopo, au akinyamaza ukaona hajaridhika, wadai wako ni 12, na jina lake liandike juu ya orodha.

Wallahu aalam.