Maswali ya wasomaji: Kiongozi wa skauti habaki peke yake

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wazazi na walimu wanaojitolea kuongoza skauti. Tumejibu sita. Kanuni tunazozieleza zinafanana katika vyama vingi vya skauti duniani. Kama chama chako kina kanuni kali zaidi, shika hiyo iliyo kali.

Niliombwa nifundishe mafundo siku za Jumamosi, nikakubali kwa moyo mweupe. Kumbe natakiwa nijaze fomu, nitaje wadhamini wawili, nilete hati ya polisi na nihudhurie kozi. Najiona kama mshtakiwa. Kwa nini mtu anayetoa muda wake bure asumbuliwe hivi?
*Mwalimu wa mafundo*

Pole, mwalimu. Fomu hiyo hujazwa na kila mtu mzima anayeingia kwenye kundi, awe mfunga mafundo au kamishna wa skauti. Mwenye nia ya kumdhuru mtoto hutafuta mahali penye watoto wengi, wazazi wenye imani na watu wazima wasioulizana maswali. Skauti ina watoto na ina imani ya wazazi, kwa hiyo kinachobaki mikononi mwetu ni kuulizana. Vyama vilivyopuuza jambo hili vimelipa gharama kubwa, na watoto wamelipa zaidi. Februari 2020 chama kikubwa cha skauti cha Marekani kiliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kumudu madai, na watu zaidi ya 80,000 wakajitokeza kudai kwamba waliwahi kudhulumiwa kingono walipokuwa skauti.

Utaratibu wenyewe hauchukui muda mrefu ukifuatwa kwa mpangilio: fomu, wadhamini wawili wasio ndugu zako, hati ya polisi, mazungumzo na viongozi wasiopungua wawili, kozi ya ulinzi wa mtoto, kisha kipindi cha majaribio. Hatua inayorukwa mara nyingi ni ya wadhamini. Kundi hupokea barua mbili za sifa, likaziweka kwenye faili na kuridhika. Lakini hati ya polisi humwonyesha tu yule aliyewahi kukutwa na hatia. Asiyewahi kukamatwa hutoka safi. Kwa hiyo mdhamini apigiwe simu na aulizwe waziwazi: ungemwachia huyu mwanao? Kama mtu aliwahi kuongoza kundi jingine, waulizwe na huko kwa nini aliondoka. Akisitasita anayejibu, usikate simu, endelea kuuliza.

Kosa la pili huja kambi ikikaribia na mikono ikiwa michache. Hapo ndipo mtu huambiwa aanze tu, karatasi zitafuata. Hazifuati. Wakati unasubiri majibu, fundisha mafundo yako mbele ya viongozi wawili waliokwisha kukubaliwa, usihesabiwe kama msimamizi, usilale kambini na usichukue namba za simu za watoto.

Kikao chetu huisha saa 11 jioni. Mzazi mmoja hufika saa 12 na nusu. Kiongozi mwenzangu anakaa mbali, huwahi kuondoka, nami hubaki na mtoto. Mara mbili mvua ilinyesha nikampeleka kwao kwa gari langu. Mke wangu anasema nakosea. Kweli?
*Kiongozi wa kikosi*

Mkeo amesema kweli, ndugu yetu, ingawa ulichofanya kilitokana na huruma. Ndani ya gari lile mlikuwa wawili tu. Mtoto akipata jambo njiani, hakuna wa kukusaidia. Yakisemwa maneno kesho, hakuna wa kukushuhudia. Na mtoto amejifunza kwamba kupanda gari na kiongozi peke yake ni jambo la kawaida. Siku akija kiongozi mwenye nia nyingine, atapanda vilevile bila kushtuka.

Kanuni ya watu wazima wawili, yaani kiongozi asibaki peke yake na watoto, haimaliziki filimbi ya mwisho ikilia. Inaisha mtoto wa mwisho akishachukuliwa. Kwa hiyo mgawane zamu: wawili wa Jumamosi hii wanajua kwamba hawaondoki kabla ya watoto wote, na anayekaa mbali apewe kazi za mwanzo wa kikao badala ya zamu ya kufunga. Kaeni getini au barazani, mahali mpita njia anawaona, msikae chumbani. Muwe na karatasi moja yenye jina la kila mtoto, namba za watu wawili wa nyumbani kwao na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua. Dakika 15 baada ya muda, pigeni namba ya kwanza. Isipopatikana, pigeni ya pili. Baada ya nusu saa mjulisheni mkuu wa kundi, na muandike saa ambayo mtoto aliondoka na nani alimchukua.

Kama hakuna njia ila kumpeleka, mzazi akubali kwanza kwa simu, waende watu wazima wawili na mtoto akae kiti cha nyuma. Mzazi anayechelewa kila wiki aitwe na aulizwe kwa upole tatizo ni nini. Mara nyingi ni kazi au usafiri, na kikao kikisogezwa nusu saa mbele shida inakwisha.

Skauti wangu wa miaka 13 hunitumia ujumbe WhatsApp usiku kuuliza habari za beji. Nikimjibu kuna ubaya?
*Kiongozi msaidizi*

Swali la beji halina ubaya. Ubaya upo kwenye mazungumzo ya siri kati ya mtu mzima na mtoto. Anzisha kundi lenye mzazi wake na kiongozi wa pili, mjibu humo, na mwambie maswali yote yapite hapo. Muweke pia saa ya mwisho, kwa mfano saa 2 usiku. Usitumie ujumbe unaojifuta, na usifute uliyokwisha kuandikiana naye. Ila akiandika kwamba yuko hatarini au anataka kujiumiza, usimkalie kimya kwa kuogopa kanuni. Mjibu kwamba umesoma na unatafuta msaada, halafu wakati huohuo mpigie mkuu wa ulinzi wa mtoto wa chama chenu.

Tunapanga kambi ya kwanza ya usiku mbili, skauti 24 wa miaka 11 hadi 14. Tunahitaji watu wazima wangapi, na tukumbuke nini?
*Kamati ya wazazi*

Chukueni mfano wa Uingereza. Kwenye shughuli za nje, chama cha skauti huko hutaka mtu mzima 1 kwa skauti 12 wa umri huo. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 10 na nusu ni 1 kwa 8, na kwa wa miaka 6 hadi 8 ni 1 kwa 6. Kiongozi msimamizi hahesabiwi humo. Kwa hiyo watoto wenu 24 wanahitaji wawili na msimamizi, jumla watatu, na huo ndio mwanzo tu. Fikirieni saa 8 usiku mtoto anatapika na anapaswa kwenda hospitali. Mmoja anaendesha, mwingine anakaa na mgonjwa, na kambini amebaki mtu mzima mmoja na watoto 23. Hapo kanuni ya wawili imevunjika bila mtu kukusudia. Nendeni wanne, na wa tano awe nyumbani simu ikiwa imewashwa, tayari kuja.

Kijana wa miaka 17 ni msaada mkubwa, lakini hahesabiwi kuwa mtu mzima. Marekani wamekwenda mbali zaidi: tangu Oktoba 1, 2018 kila shughuli lazima iwe na viongozi wawili waliosajiliwa wenye miaka 21 au zaidi.

Mahema ya watu wazima yawe peke yake, karibu kiasi cha kusikia mtoto akiita. Mtu mzima halali katika hema moja na skauti hata kama mahema yamepungua. Mwenye mtoto wake wa kuzaa afuate kanuni ya chama chake. Bafu ziwe na zamu tofauti, na kwenye bafu simu haziingii, ya mtoto wala ya kiongozi.

Fomu ya afya ya kila mtoto isomwe kabla ya safari. Tumeona fomu zikikusanywa vizuri, zikafungiwa kwenye gari la kiongozi aliyekwenda sokoni. Nakala moja ikae na mtoa huduma ya kwanza, nyingine na msimamizi. Dawa zikae mikononi mwa mtu mmoja na kila kipimo kiandikwe: jina, dawa, kiasi, saa. Dawa ya pumu na sindano ya mzio ni tofauti, hizo hukaa na mtoto mwenyewe, na kiongozi ajue ziko mfuko upi. Hesabuni watoto mkipanda gari, mkishuka, kabla ya chakula, mkitoka majini na kabla ya kulala, na ahesabu mtu yuleyule kwa orodha yenye majina. Anayehesabu vichwa tu hupata 24 hata pale mmoja hayupo na mgeni mmoja amejichanganya.

Jambo moja tunalisisitiza kuliko yote: jiko la mkaa au la gesi lisiingizwe ndani ya hema, hata likiwa na makaa yanayofifia, hata usiku wa baridi kali. Moshi unaweza kuwa umekwisha, lakini gesi ya kaboni monoksaidi ingali inatoka. Haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Mtoto anayetetemeka mpeni nguo kavu, blanketi la pili na kitu cha moto cha kunywa.

Radi ikisikika, watoto watoke majini na chini ya miti, waingie ndani ya jengo imara au gari lenye paa la chuma, wasitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Msichana wa miaka 12 aliniambia mtu wa nyumbani kwao humgusa vibaya, akaniapiza nisiseme. Nimsaidieje bila kumvunjia ahadi?
*Kiongozi wa kike*

Dada, usimwahidi siri. Kama umekwisha kumwahidi, rudi kwake leo na umwambie kwa upole: nakuamini, si kosa lako, na ili nikusaidie lazima nimwambie mtu ambaye kazi yake ni kulinda watoto. Mtajie ni nani.

Akizungumza, sikiliza zaidi kuliko kuuliza. Maswali yawe ya wazi: ilikuwaje, kisha nini. Usimtajie jina wala tendo ambalo yeye hajalitaja, kwa sababu maneno yako yanaweza kuharibu ushahidi wake baadaye. Usimpige picha na usimkague mwili. Mkiachana tu, andika maneno yake kama alivyoyasema, hata yale ya kitoto, pamoja na tarehe, saa, mahali na jina lako. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa mkuu wa ulinzi wa mtoto wa chama. Kama mtoto anarudi usiku huu kwenye nyumba alimo mtu huyo, nenda moja kwa moja polisi au ustawi wa jamii. Usimkabili anayetajwa, wala usimwendee ndugu ukitaka yazungumzwe kifamilia. Kufanya hivyo humpa mtuhumiwa muda wa kumtisha mtoto. Wala si kazi yako kuthibitisha. Wewe ulisikia, umeandika, umefikisha.

Baada ya hapo tafuta mtu wa kuongea naye kuhusu ulivyoelemewa, bila kutaja jina la mtoto. Habari hizi humchosha anayezibeba.

Mwaka wa tatu sasa naongoza peke yangu. Napanga vikao, napika kambini, natunza pesa, nafuata wazazi. Vijana wanakaa wakinitazama. Nimechoka, nafikiria kuacha.
*Aliyechoka*

Kabla ya kuacha, punguza. Vijana wanakutazama kwa sababu kila kitu tayari kimefanywa. Agosti 1907, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipopiga kambi ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, aliwagawa vijana wapatao 20 katika patroli (vikundi vidogo) nne: Mbwamwitu, Kunguru, Fahali na Sululu. Kila patroli ilikuwa na kiongozi wake, kijana. Skauti iliundwa hivyo tangu mwanzo.

Gawa kikosi chako katika patroli za vijana 6 hadi 8, wachague viongozi wao, na kila mwezi uketi na viongozi hao kwa saa moja, kiongozi mzima wa pili akiwepo. Mwezi wa kwanza wape kitu kimoja, mchezo wa kufungulia kikao. Mwezi wa pili wape jiko la kambi: wao wanaandika vyakula, wanakisia kiasi, wananunua na kupika. Wali utaungua. Usinyang'anye mwiko. Simamia kisu, moto na usafi wa mikono, na mengine waache wayagundue. Wengi hukwama hapa, kwa sababu kupika mwenyewe ni haraka kuliko kutazama mtoto wa miaka 12 akimenya kitunguu kwa dakika kumi.

Kwa wazazi, usitoe ombi la jumla la msaada, halina mwenyewe. Mwite mmoja umpe kazi yenye kikomo: shika orodha ya getini Jumamosi mbili za mwezi huu. Akiizoea, mweleze njia ya usajili na kozi, hadi Wood Badge, mafunzo ya viongozi yaliyoanzia Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919 na ambayo mhitimu wake huvishwa shanga mbili za mbao.

Pesa ziondoke mikononi mwako wiki hii. Hata ukiwa mwaminifu, usipokuwa na risiti utaonekana kama mwizi. Apatikane mweka hazina asiye ndugu yako, kila malipo yaidhinishwe na watu wawili, kila mchango uandikiwe stakabadhi mbele ya anayetoa, na pesa za kundi zisipite kwenye namba yako ya simu. Siku ya makabidhiano hesabuni noti pamoja mezani, mwandike kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kila mmoja aweke sahihi na abaki na nakala yake.