Revolva ya kwanza ya bei nafuu: .38 au .357?

Kaka, chukua ya risasi za .38 Special, ya chuma yenye mtutu wa inchi 3 au 4, Taurus za Brazil huwa nafuu kuliko Smith & Wesson za Marekani na kazi ni ileile. Usidanganyike na vile vidogo vyepesi vya inchi 2 eti vinakaa mfukoni, vinapiga teke balaa na mtu mpya anaanza kufumba macho kabla hajafyatua, mi mwenyewe nilianza na kadude ka hivyo huku Tabora nikawa nakosa hata debe. Ya .357 Magnum nayo si mbaya maana inakula na risasi za .38, ila kinyume chake hapana, ganda la .357 limezidi urefu kama milimita 3, lakini bei imechangamka. Ukipata ya mtumba vuta nyundo taratibu bila risasi uone silinda (ile sehemu ya kuwekea risasi inayozunguka) inajifunga sawasawa kila tundu, ikichezacheza achana nayo. Na usitoe hela kabla ya kibali, anzia serikali ya mtaa ndo uende polisi.