Kompyuta itaujuaje mpunga unaostahimili chumvi?

SWALI: Maji ya bahari yanaingia bondeni kwetu, mpunga unaungua ncha za majani. Mwanangu yuko chuo Unguja, anasema jeni ya kustahimili chumvi hutafutwa kwa kompyuta. Itaujuaje mpunga bila kuugusa?
Mama mkulima, Micheweni, Pemba

JAWABU: Mwanao kasema kweli, mama, ila kazi haianzii kwenye kompyuta. Kwanza mipunga ya mbegu za aina nyingi hutiwa chumvi, ikaandikwa ipi imenyauka na ipi imesimama. Kisha vinasaba vya kila moja, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya mmea, husomwa; jeni ni kipande kimoja cha maandishi hayo. Maandishi hayo ya mpunga yana herufi zipatazo milioni 390. Nani atazisoma kwa macho? Programu huzilinganisha, ikatafuta zilizomo kwenye mipunga iliyosimama na zisizomo kwenye iliyonyauka.

Mwaka 2005 watafiti walitangaza jeni iitwayo SKC1, kutoka mpunga wa India uitwao Nona Bokra. Kazi yake ni kuiondoa sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayodhuru mmea, kwenye maji yanayopanda shinani, isirundikane majani. Mtu akishasoma vinasaba vya mbegu ya kwenu, ataweza kuvilinganisha na jeni hiyo kwa programu ya BLAST, ya bure kwenye intaneti. Lakini kufanana herufi si ushahidi kamili. Lazima mbegu yenyewe ipandwe tena chumvini.

Kwa hiyo nakuomba sana: mashina yaliyobaki kijani penye chumvi yafunge uzi, yavune peke yake, na umpe mwanao sampuli azipeleke kwa watafiti wa kilimo Kizimbani. Usiyachanganye ghalani.